Shemeji Aliyeficha Hamira

Kibaigwa, Dodoma
Jumanne, wiki ya tatu ya Kwaresima

Kwako Dada Felista,

Shikamoo dada yangu. Naomba Bwana barua hii ikukute umeketi barazani kwako na siyo kitandani. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea mwanao bado unaitumia, au umeshairudia mizizi yako? Na shemeji, kifua kimempa nafasi ya kulala? Nieleze yote, usinifiche kwa kuogopa kunitia wasiwasi, maana wasiwasi ninao tayari.

Sisi huku miili ni mizima. Mvua ilianza vizuri halafu ikakatika, mahindi yamejikunja majani kama tumbaku, lakini uwele wa mama mkwe kule Mlali unavumilia. Watoto wanasoma. Mikate yangu inatoka kila asubuhi, makaa juu makaa chini, na watu wa stendi wananunua. Kwa hayo namshukuru Mungu. Kwa yaliyobaki, dada, moyo unachemka, na ndiyo sababu nimeacha unga kwenye bakuli nikachukua kalamu.

Nimesimamishwa Meza ya Bwana. Mimi, Yustina, niliyebatizwa mgongoni kwa mama. Siyo kwa uzinzi, siyo kwa pombe, siyo kwa kwenda kwa mganga. Kwa kamari! Wanasema nachezesha kamari na watoto nyumbani kwangu. Nimeona nikueleze mwenyewe kabla hujasikia kwa dereva yeyote wa lori anayeshuka kusini.

Unakumbuka kwamba kabla Baba Tabita hajapunguzwa kazi kule kwenye shirika, mimi nilikuwa jikoni katika nyumba ya wageni ya misheni. Yule Mama Daktari, Mzungu aliyenifundisha kuoka, alipofunga mizigo kurudi kwao aliniachia bati nne za mikate na kisanduku cha karata. Nilisita. Nikamwambia, "Mama, sisi kwetu karata hatuchezi." Akacheka, akanikalisha chini palepale kwenye sakafu ya jiko, akanionyesha.

Dada, hazina kopa wala shupaza. Zina picha tu: unga, sukari, maziwa, siagi, mayai, hamira. Kila mtu anashika nne. Katikati inawekwa picha ya kitu cha kuoka, mkate au keki au biskuti, na inaonyesha vinavyotakiwa. Kila mmoja kwa zamu yake anatia alichonacho au anampa mwenzake. Kwenye fungu la kuokotea zimechanganywa picha za moto. Moto wa nne ukitoka kabla hamjamaliza kuoka, vyote vimeungua na wote mmeshindwa. Mkimaliza, wote mmeshinda. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho, hakuna kitu unachoweka ukakipoteza. Na mwenzako akiuliza, "Nani ana siagi?" unasema kweli. Mama Daktari aliisisitiza sana hiyo sheria, akawa anaigonga sakafu kwa kidole. Sasa niambie wewe unayefundisha watoto Jumapili, kamari iko wapi hapo?

Tumecheza mwaka mzima, Jumapili baada ya chakula cha mchana, kwenye mkeka chini ya kivuli cha ukuta. Mimi, Baba Tabita, Tabita wangu ambaye ana miaka kumi na mbili sasa, mdogo wake Peresi wa miaka saba, na mama mkwe, ambaye tangu mwaka juzi tunakaa naye. Mama mkwe hajui herufi hata moja lakini picha anazijua kuliko sisi. Tabu yake ilikuwa yai. Kwao alikokulia msichana hakula mayai, na siku ya kwanza alipookota yai alilitupa kwenye mkeka kama kaa la moto.

"Hili silishiki. Nipeni kingine."

"Bibi, ni la karatasi," Peresi akamwambia.

"Karatasi imelibeba yai. Litoe hapa."

Basi tukakubaliana: bibi akipata yai analisukuma kwa kidole kwa aliyekaa kulia. Ikawa nasi tunajua mayai yalipo bila kuuliza, na tangu siku hiyo keki hazituungulii. Tukimaliza kuoka anapiga vigelegele mpaka jirani anauliza kama kuna mtu amejifungua. Hiyo ndiyo kamari yangu, dada. Bibi kizee na vigelegele vyake.

Nije kwa shemeji Lameck. Huyu ni mdogo wake Baba Tabita, unamjua, ndiye aliyekuja kwenye posa yangu akiwa kijana mwembamba amevaa koti la kuazima. Usimtafute tena yule. Siku hizi za soko huria amekuwa dalali mkubwa wa mahindi hapa Kibaigwa. Ana mizani, ana pikapu, ana ghala. Wakulima wakileta magunia wakati wa mavuno ananunua, anafunga mlango, anasubiri njaa ing'ate. Baba Tabita, kaka mkubwa, tangu apunguzwe kazi anamshikia mizani. Hilo sijawahi kulilalamikia, maana tunakula. Na kanisani Lameck ndiye aliyetoa bati za paa lote jipya. Nalitaja hilo la bati kwa sababu utaliona linavyofanya kazi.

Jumapili moja kabla ya Kwaresima akaja kumsalimia mama yake akatukuta mkekani. Peresi akamvuta mkono, "Baba mdogo, cheza na sisi." Akakataa mkeka, akaletewa kigoda, akakaa juu yetu kama hakimu. Tukamweleza sheria mara mbili. Akaitikia, "Nimeelewa, nimeelewa, mnanifundisha biashara mimi?"

Tukaanza. Keki ya kwanza ikaiva, biskuti zikaiva. Ukaja mkate mkubwa unaotaka hamira mbili. Tabita akauliza, "Nani ana hamira?" Mimi sina. Baba Tabita hana. Bibi akafungua mikono yake yote, hana. Lameck akatazama juu.

"Baba mdogo, unayo?"

"Sina."

Tukazunguka. Moto ukatoka, wa kwanza. Tukazunguka tena. Moto wa pili. Peresi akaanza kuuma vidole.

"Baba mdogo, kweli huna?"

"Tuseme ninayo," akasema. "Mtanipa nini?"

Tukadhani anatania. Baba Tabita akamwambia, "Tia tu, mdogo wangu, hapa hakuna kulipana. Ni ya wote."

"Ya wote ilikuwa zamani, kaka. Ngoja kwanza bei ikomae."

Moto wa tatu. Nikamsihi kama mtu mzima ninavyomsihi mtu mzima, "Shemeji, ukichelewa vinaungua vyote, na vyako pia." Akafunika karata zake kwenye kifua. Wa nne ukatoka, tena mkononi mwake mwenyewe! Hapo ndipo akazitandaza karata zake kwenye mkeka kwa kishindo. Hamira tatu. Zote za kisanduku kizima alikuwa nazo yeye.

"Haya! Mimi nimebaki na mali, nyie hamna kitu. Nani mshindi?"

Kisha Tabita, kwa sauti ya upole kabisa, akamwambia, "Baba mdogo, na wewe umeungua."

Dada, ningemziba mdomo kama ningeuwahi. Lakini mama mkwe alikuwa ameshasikia. Akaanza kucheka, akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani, akamnyooshea mwanawe kidole: "Huyu hamira zote amekaa nazo yeye! Mwacheni, usiku atavimba mwenyewe!" Basi hata Baba Tabita, ambaye hacheki ovyo, akainamisha uso kwenye magoti, mabega yanamtikisika. Nami nilicheka. Sikufichi.

Lameck akasimama, kigoda kikaanguka. "Mnanicheka? Kwenye nyumba ambayo unga wake natoa mimi?" Akaondoka bila kumuaga mama yake.

Jumapili iliyofuata nimekaa zangu na kina mama, Mzee Zakaria, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akasimama kwenye matangazo. Akasema kuna nyumba hapa kwetu ambamo karata zimeingia, watoto wanafundishwa kamari siku ya Bwana, na kwamba wazee wamekaa na kuamua Mama Tabita asimamishwe kushiriki mpaka atakapotubu. Alilisoma kwenye kikaratasi. Jina langu alilisoma kwenye kikaratasi, kama vile hajui linavyotamkwa, mtu ambaye kila Jumamosi mkewe anakuja kwangu kujifunza kukanda unga!

Wamekaa lini? Nani aliniita? Hata mwizi wa mbuzi anaulizwa kwanza mbuzi alimkuta wapi. Na aliyepeleka maneno alikaa mchezoni, akashika karata kwa mikono yake miwili, akasema uongo mbele ya mtoto wa miaka saba. Yeye hakusimamishwa. Yeye alikuwa benchi la mbele, chini ya bati zake.

Jumatatu nikaenda kwa mchungaji na kisanduku kwenye kikapu. Ni mtu mwema, sitamsingizia. Nikamtandazia karata mezani, nikamwonyesha kila kitu kama Mama Daktari alivyonionyesha. Akazishika moja moja, akatabasamu kwenye picha ya keki. Kisha akavua miwani.

"Mama Tabita, mimi naona. Hii si kamari."

"Basi mchungaji, waambie wazee."

"Wazee wameshasema mbele ya watu."

"Wamesema kitu ambacho si kweli."

Akapangusa ile miwani muda mrefu. "Nenda ukamwombe radhi shemeji yako. Choma hivi vikaratasi, yaishe. Ni karatasi tu, mama. Usiruhusu karatasi ikutenge na Mwili wa Bwana."

Nikamjibu, "Si mimi niliyeiruhusu." Nikakusanya karata zangu nikaondoka, na nililia njia nzima nikipitia nyuma ya maghala ili watu wasinione. Nilichokuwa nakililia ni kwamba anajua. Mzee Zakaria labda amedanganywa, lakini mchungaji anajua!

Hata hivyo nilijichunguza, dada, maana mama alitufundisha kwamba ugomvi hauna mzazi mmoja. Kumcheka mtu mzima ndani ya nyumba yangu lilikuwa kosa, na mtoto kumjibu baba yake mdogo lilikuwa kosa, hata kama alisema kweli. Kwa hiyo Alhamisi nikamchukua Tabita tukaenda sokoni. Lameck alikuwa amekaa kwenye magunia na madalali wenzake. Tukapiga magoti palepale kwenye vumbi la pumba.

Nikamwambia, "Shemeji, tumekuja kuomba radhi. Tulikucheka, haikuwa adabu. Utusamehe."

Tabita naye akasema, "Nisamehe, baba mdogo."

Wenzake kila mtu akaangalia viatu vyake. Lameck akauliza, "Na kamari?"

"Kamari haikuwepo, shemeji. Ulikuwepo, unajua."

"Karata umechoma?"

"Sijachoma."

"Ukichoma, nitasema na mzee." Akamgeukia mtu wa magunia akaendelea na bei zake.

Umeona? Nitasema na mzee! Meza ya Bwana ameiweka mfukoni, nimsihi ndipo aitoe. Tulipokuwa tunarudi Tabita akaniuliza, "Mama, tumeshasamehewa au bado?" Nikamwambia akung'ute magoti.

Baba Tabita muda wote huo alinyamaza kama gunia. Nikimwambia, anasema, "Ni mdogo wangu." Nikimwambia tena, anasema, "Tutakula nini?" Sikumlaumu kwa mdomo, ila chakula chake nilikuwa nakiweka mezani bila kumkaribisha, na yeye alielewa.

Sasa sikia la juzi. Juzi ilikuwa Jumapili ya kushiriki. Watu wakaitwa mbele, benchi kwa benchi. Benchi letu likasimama, mimi nikabaki nimekaa, macho chini. Mama mkwe hutangulia kwa sababu haoni vizuri, Tabita anamshika mkono. Nikasikia Tabita anamnong'oneza, "Bibi, twende." Bibi hakunyanyuka. Watu wanatupita. Mzee Zakaria akaja mwenyewe, akainama kwa heshima.

"Bibi, njoo nikushike. Zamu yenu."

Mama mkwe hajui kunong'ona, dada. Kiswahili chake ni cha kuokota, lakini siku hiyo kilinyooka. "Mimi na mkamwana huyu tunakula sahani moja. Kama yeye amekatazwa, mimi nimeshiba."

"Bibi, wewe hukufanya kosa."

"Nilicheza zile karata kuliko wote. Mimi ndiye niliyecheka. Andika na jina langu kwenye kikaratasi chako."

Kanisa zima lilisikia. Lameck alikuwa amepiga magoti pale mbele, mgongo umemkakamaa. Aliupokea mkate, dada. Aliupokea na kikombe, kisha akarudi akatupita bila kumtazama mama yake.

Nikamsihi sana bibi tulipofika nyumbani. Nikamwambia, mama, wewe una miaka mingi, macho yanazima, nani anajua utashiriki mara ngapi tena. Nenda wewe, mimi nitangoja. Akaniambia nimletee uji, hana sikio la maneno hayo. Na mimi hapo ndipo nilipoanza kuyumba. Nilisema moyoni, basi nitachoma, si kwa ajili ya Lameck wala wazee, ila huyu mama asije akafa na njaa ya Meza kwa sababu yangu. Jana asubuhi nilikoka mkaa, nikaweka kisanduku karibu na jiko. Nikakaa nakitazama. Kukichoma ni kusema mbele ya watoto wangu wawili kwamba ilikuwa kamari, kwamba aliyesema kweli ndiye aliyekosa. Na kutokichoma ni kumfungia yule mama mlango.

Nikiwa nimekaa hivyo, kabla hata ya saa sita, Baba Tabita akaingia uani. Si saa yake. Ametapakaa pumba mwili mzima, mkononi amekunja koti lake la kazi.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

Akasema, "Lameck amenituma. Amesema nikwambie uchome karata leo, ili mama arudi mezani, aibu iishe."

Nikamuuliza, "Na wewe umekubali kutumwa?"

"Nilimwambia aje aseme mwenyewe, mbele ya mama. Akaniambia nichague, mizani yake au karata za mke wangu." Akaweka koti kwenye kamba ya nguo, akanawa mikono, akaketi kwenye mkeka alipokuwa mama yake. "Mizani nimeiacha pale pale. Lete hicho kisanduku, watoto wakirudi shule tucheze."

Mama mkwe akauliza, "Nani amekuja?"

"Ni mimi, mama. Mwanao mkubwa."

"Eeh," akasema, "umechelewa." Lakini alimshika kichwa kama anavyoshikwa mtoto.

Dada, hivyo ndivyo tulivyo leo. Karata sikuchoma na sitachoma. Meza sina, mizani mume wangu hana, na wazee watakaa tena wiki ya mwisho kabla ya Pasaka. Safari hii nimepeleka neno kwamba nitakuja bila kuitwa, pamoja na mume wangu na mama mkwe, na nitasema yote niliyokuandikia hapa, na mchungaji nitamwomba aseme mbele yao alichoniambia mimi peke yangu. Kwa chakula usiwe na wasiwasi, Baba Tabita amekanda unga leo kwa mara ya kwanza maishani mwake; mikate imetoka migumu lakini stendi wameinunua. Sikuandikii kukuomba kitu. Ila wewe ndiwe uliyenilea mama alipotutoka, na kila ninaposali nauliza kama hii ni haki ninayoitetea au ni kiburi changu, na sauti ninayotaka kuisikia ni yako. Kama ni kiburi, niambie bila kunionea huruma.

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze ile tumbaku. Nisalimie Kaka Hilari, fundi viatu wetu, na mkewe aliyejifungua. Nisalimie Shangazi Modesta wa kwaya, mwambie ule wimbo wa Ijumaa Kuu aliotufundisha bado nauimba nikikanda. Mama mkwe anakusalimu kwa Kigogo, mbukwa, na anauliza huko kwenu korosho inaota juu au chini. Tabita na Peresi wanakuamkia.

Wazee wanakaa kabla ya Pasaka, na posta yetu ni ya kobe. Tafadhali dada, ukimaliza kusoma kaa uandike. Nijibu upesi.

Ni mimi mdogo wako,
Yustina